Mfarishi wa Mashati ya Marehemu

6 Septemba

Mkwe wangu,

Salamu zikufikie hapo ulipo, katikati ya mvuke na mashuka ya wageni. Huku tu wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio, na sikio la kulia limefunga duka kabisa. Jirani akinipa simu yake nisikilize, nasikia kama mtu anayetafuna karanga. Kwa hiyo endelea kuzungumza na mwanao kwa simu siku za Jumapili, mimi uniandikie.

Mwanao ameng'oka jino la mbele. Nilidhani pengo litampunguzia maneno, wapi! Sasa anayapuliza. Hatukukosea kumwita Chiriku. Mwalimu wake anasema angekuwa wa kwanza darasani kama angenyamaza kidogo asikilize swali.

Nimeshaanza kazi za mikono za sikukuu ya mwisho wa mwaka. Unaijua nyumba hii ikifika Septemba: uzi kwenye sukari, pini kwenye godoro. Vishikio vya sufuria vya kuwapa majirani vimekwisha. Chiriku anashona sungura wa kitambaa, peke yake, hataki nimguse, na mpaka sasa sungura amefanana na gunia la maharage lenye masikio. Yeye nimemwahidi mfarishi, ule wa viraka wenye pamba ndani, wa kutosha kitanda chake chote. Mwaka huu nimepata kitambaa kizuri, pamba tupu, kimelainika kwa kuvaliwa.

Sikukuu utakuja? Mwaka jana hukuja. Mtoto akiuliza, nampa kitu cha kukata.

Mama mkwe wako

27 Septemba

Mama,

Nakuamkia kwa heshima. Nimefurahi kusikia mko salama, na pole kwa goti na sikio. Hapa kazi ni ile ile: mashuka yanaingia kwa mikokoteni, taulo zinatoka kwa mikokoteni, na sisi katikati tunachemka. Wiki iliyopita boila la hoteli lilikufa, tukakaa siku nzima bila maji ya moto, msimamizi anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Fundi alilifufua jioni. Mikono yangu imechubuka kwa dawa ya kutoa madoa, lakini nimepata mafuta ya kupaka. Jumapili tulikwenda kutembea bustanini, hewa ilikuwa nzuri.

Mwambie Chiriku ninalitaka lile jino, alitunze.

Nina ombi, Mama. Mvua zinakaribia na chumba chako kina unyevu. Nakuomba ulifungue lile sanduku la kahawia nililoliacha chini ya kitanda chako, uyatoe mashati ya marehemu mume wangu yapigwe na upepo kivulini. Usiyafue. Hasa lile la buluu lililo ndani ya mfuko wa nailoni. Ndilo alilolivaa asubuhi tuliyompeleka hospitali. Nililivua mwenyewe nikalifunga vile vile, na jasho lake na matone ya rangi aliyokuwa akichorea mabango. Nikija huwa nalifungua kidogo tu, nanusa, nafunga.

Mimi nafua nguo za watu siku nzima. Zinaingia na harufu za wenyewe, zinatoka hazina mwenyewe. Nilitaka iwepo nguo moja duniani isiyofuliwa.

Mkweo

19 Oktoba

Mkwe wangu,

Barua yako haikuchelewa, mimi ndiye niliyechelewa. Sindano zilinishika. Sisi hatujambo, ila Chiriku alijidunga kidole akatangazia mtaa mzima kwamba anakufa. Jirani muuza mkaa alikuja mbio na chupa ya dawa, akakuta mgonjwa anakula ndizi.

Sungura amepata macho. Ni matatu, kwa sababu vifungo vilikuwa vitatu na hakutaka kimoja kijisikie vibaya. Tumetengeneza pia mifuko ya kuwekea pini, na kamba ndefu ya vibendera vya kitambaa vya kupitisha ukumbini siku ya sikukuu. Nyumba itapendeza.

Kuhusu sanduku: lipo chini ya kitanda changu, pale pale ulipoliacha, na panya hawajaligusa.

Umeandika "tulikwenda" bustanini. Sikuulizi mlikuwa wangapi. Mtu aliye mbali ana haki ya kutembea.

Hukujibu kama unakuja.

Mama mkwe wako

9 Novemba

Mama,

Nakuamkia. Mimi mzima. Sikukuu sitakuja, hoteli imejaa na likizo zimefutwa. Mtanisamehe.

Jumapili Chiriku aliniambia mengi kwa simu, unamjua akianza. Aliniambia kuhusu macho ya sungura na kuhusu mfarishi.

Nakuuliza tena, Mama, nijibu kwa mstari mmoja tu. Shati la buluu halijambo?

Mkweo

23 Novemba

Mkwe wangu,

Leo sitakueleza habari za goti.

Shati la buluu halipo. Mashati yote saba hayapo. Nimeyakata. Ndiyo mfarishi wa Chiriku. Sanduku lipo chini ya kitanda kama nilivyokwambia, na ndani yake hamna kitu. Nilikuandikia neno la kweli ili nikudanganye nalo, na tangu hapo kila nikipiga magoti kufagia chini ya kitanda naliona.

Ningeweza kukwambia kwamba nilitaka mtoto alale na baba yake, kwa sababu alikuwa mdogo na hamkumbuki. Nimewaambia majirani hivyo, wakalia, wakanisifu. Nikazipokea sifa. Lakini wewe nikikwambia hivyo tu nitakuwa nimekuibia mara mbili.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Jirani aliniletea habari. Alikuwa ameshika simu akimsubiri Chiriku amalize kunawa, akasikia nyuma yako sauti ya mwanamume akikuita uende, chakula kinapoa. Akasikia na wewe ukicheka. Aliniambia bila ubaya, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na jua. Nilimshukuru, nikaingia chumbani, nikavuta sanduku.

Nilijiambia: kama yeye amepata wa kucheka naye, nguo hizi ni zangu. Tumbo langu lililomzaa lilitangulia ndoa yenu. Mimi ndiye niliyemvisha shati lake la kwanza.

Kitambaa cha mfarishi hufuliwa kabla ya kukatwa, kisije kikajikunja baadaye. Nikafuata kanuni za kazi, nikajificha ndani yake. Nikachemsha maji. Nilipofungua ule mfuko wa nailoni, mwanangu alitoka mle ndani. Jasho lake, rangi yake, na ile sigara aliyokuwa akiificha kwetu sote. Nilikaa sakafuni. Nilijua kabisa kwa nini ulilifunga, sikuhitaji kuambiwa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelikandamiza usoni. Ningeweza kulirudisha. Nikafikiri: na yeye akirudi asikute kitu. Nikalitia majini pamoja na mengine.

Maji yalibadilika rangi, nikayamwaga nyuma ya nyumba.

Barua yako ya kuniomba nisifue ilifika mfarishi ukiwa umeshafika nusu. Niliisoma, nikaiweka chini ya cherehani, nikaendelea kushona. Ningefanya nini? Lakini hilo si jibu. Nilipaswa kukuandikia siku ile ile.

Sijui mtu huombaje radhi kwa jambo kama hili. Nimeandika neno "samahani" hapa mara nyingi, nimelifuta, linaonekana dogo. Niadhibu utakavyo. Nakuomba kitu kimoja tu, na najua sina haki ya kukiomba: usije kumchukua mtoto kwa hasira.

Mama mkwe wako

14 Desemba

Mkwe wangu,

Hujanijibu. Nilimtuma Chiriku posta mara nyingi mpaka karani amemzoea na kumpa mihuri achezee. Najua kunyamaza kwako ni haki yako. Naandika kwa sababu nimefanya jambo lingine, na sitaki ulisikie kwa simu kabla sijakwambia mwenyewe. Kosa hilo silirudii.

Nilifikiri: vipande vya buluu navijua, nilivikata mimi. Nivifumue, niliunge upya shati la mume wako. Harufu haitarudi, lakini angalau utashika shati na si blanketi. Juzi mtoto alipokwenda shule, nilichukua wembe nikaanza kukata nyuzi. Vipande vya buluu vilikuwa katikati, kwenye kifua cha mfarishi, kwa sababu ndiyo rangi nzuri kuliko zote. Nikavitoa. Pamba ikamwagika. Nikaunganisha mgongo, nikaunganisha kola, nikapata mkono mmoja. Mkono wa pili haukutosha, nilikuwa nimeukata vipande vidogo mno vya pembeni. Likawa shati la mtu mwenye mkono mmoja, limejaa mishono kama mtu aliyefanyiwa upasuaji.

Chiriku alirudi kabla sijaficha. Aliona kitandani kwake mfarishi una tundu katikati. Mwanao ambaye hanyamazi, alinyamaza. Alisimama na mkoba wake mgongoni. Kisha akaniuliza, "Bibi, kwa nini umemtoa Baba?"

Nilimwambia nilikuwa natengeneza. Akasema hakuwa ameharibika.

Sasa nimewakosea wawili kwa mashati yale yale. Kila nikirekebisha natoboa pengine. Mtoto analala chini ya blanketi la kawaida, mfarishi ameukunja mwenyewe na kuuweka chini ya mto, hataki niuguse. Vibendera vya sikukuu bado havijatundikwa. Ameniambia tusubiri.

Sisubiri msamaha. Nasubiri tu kuona mwandiko wako.

Mama mkwe wako

29 Desemba

Mama,

Nakuamkia. Nimeandika barua tatu za kukujibu na zote nimezichana. Moja ilikuwa ya matusi. Ya pili ilikuwa ya kukusamehe, na ilikuwa ya uongo. Ya tatu ilikuwa na habari za hali ya hewa. Hii ni ya nne, nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilijua tangu mwanzoni mwa Novemba. Chiriku aliniambia kwa simu, kwa furaha: "Mama, Bibi ananitengenezea Baba wa kujifunika, ana rangi saba." Nilipokuuliza kama shati halijambo nilikuwa nakutega, Mama. Nilitaka nione kama utaniambia. Hivyo usidhani wewe peke yako ndiye unayeandika maneno ya kweli ili kudanganya.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua ndani yangu. Nilivuta mashuka kwenye mashine mpaka msimamizi akaniambia nikapumzike. Kilichoniuma si kukatwa. Kukatwa ningeweza kuzoea. Ni kufuliwa. Sitamnusa tena yule mtu. Hicho hukipati hata ukifumua nyumba nzima. Tafadhali usifumue tena chochote.

Sasa langu. Jirani hakukosea. Yupo mtu. Ndiye fundi wa boila niliyekutajia. Ananizidi miaka, hasemi sana, na anapika vizuri kuliko mimi. Hakuna likizo iliyofutwa. Nilipewa siku nane, nikazikaa hapa kwa sababu niliogopa kuketi mbele yako. Nilikuwa nalihitaji lile shati, Mama, na nilikuwa namhitaji na huyu. Nilitaka vyote viwili. Nikikaa naye nilijiambia: mimi si mwanamke mbaya, nimemhifadhi mume wangu sandukuni kwa mama yake. Wewe ndiye uliyekuwa ukinilindia uaminifu wangu chini ya kitanda chako, na sikukwambia. Ulipolifua shati, nilibaki uchi.

Siandiki haya ili makosa yetu yapimwe mizani ikae sawa. Lako bado ni zito. Lakini na mimi nimelala vibaya miezi yote hii, na si kwa ajili ya shati peke yake.

Nitakuja Januari. Nitamchukua Chiriku akae na mimi, shule nimeshaipata. Si kwa hasira. Nilikuwa nimeamua tangu Julai, nikakosa jinsi ya kukwambia.

Sijakusamehe yote. Nimekusamehe kiasi cha kuweza kupanda basi.

Mkweo

8 Februari

Mwanangu,

Nyumba imekuwa kubwa. Sikujua kwamba yule mtoto alikuwa anajaza hata kabati. Asubuhi bado nauliza kwa sauti nani amechukua mkasi, halafu nakumbuka kwamba sasa mkasi utakaa palepale nilipouweka mpaka nife. Nashukuru kusikia mmefika salama na kwamba amepata rafiki siku ya kwanza. Huyo rafiki namwonea huruma ya masikio.

Ulipokuja hatukusema mengi, kwa hiyo niache niseme hapa.

Uliposhuka kwenye basi nilitaka kukukimbilia, goti likakataa, na nadhani liliniokoa, maana hukuwa tayari kukumbatiwa. Ulinipa mkono. Ulipoingia ndani uliutoa mfarishi chini ya mto wa Chiriku, ukaukandamiza usoni, ukakaa hivyo. Mimi nilisimama mlangoni kama mshitakiwa. Ulipouondoa usoni ulisema neno moja, "Sabuni," ukatoka nje. Nilikusikia unalia nyuma ya jiko. Sikukufuata. Kuna kilio ambacho aliyekisababisha hana ruhusa ya kukibembeleza.

Siku ya pili ulilichukua lile shati la mkono mmoja. Nilidhani utaliweka mkobani. Uliligeuza, ukacheka kidogo, ukasema marehemu angesema limeshonwa na mlevi. Ndiyo mara ya kwanza tulipocheka juu yake tangu tumzike. Kisha ukaniambia, "Mama, rudisha vipande kwenye mfarishi." Ukavuta kiti. Ulishona upande wako, nami upande wangu, Chiriku katikati anatupangia vipande na kutukosoa. Mishono yako ni mirefu kama hatua za mbuni. Sikusema kitu. Unaona jinsi ninavyojifunza?

Ni wakati ule, mtoto alipokwenda kuchukua maji, uliponitajia habari za ndoa. Nilishona mpaka uzi wangu ukaisha. Nilijua unasubiri nikuulize ni mtu wa kabila gani huyo, ana watoto, ana mke mahali. Nilikuuliza swali moja tu: "Anakohoa?"

Ukasema, "Hapana, Mama. Hakohoi."

Nataka ujue kwa nini niliuliza hivyo. Mwanangu alikohoa mwaka mzima kabla hatujampeleka hospitali. Wewe ulisema aende, mimi nikasema ni vumbi la rangi, nitamchemshia majani. Ulinisikiliza kwa sababu mimi ni mama yake. Hukunikumbusha hata siku moja, si kwenye mazishi, si hata kwenye ile barua yako ya Desemba. Nilikusubiri uniambie, na usiponiambia nikakukasirikia wewe. Nadhani mkasi ule ulianzia hapo, zamani kabla ya jirani kuniletea habari za sauti ya mwanamume.

Basi. Mfarishi, Chiriku ameondoka nao, na ni haki yake. Usiku wa baridi ujifunike nao na wewe, usione aibu mbele ya fundi. Ukichafuka, utaamua mwenyewe.

Nina kipande kizima cha kitambaa cheupe ambacho sijakiwekea mkasi. Nataka kumshonea fundi shati la ndoa. Sikuahidi kwamba nitampenda. Nikijaribu kumwaza naona kivuli chenye bisibisi. Lakini mikono yangu imezoea kutangulia, na moyo huja nyuma ukichechemea. Nipimie bega hadi bega, na bega hadi kwenye kiwiko cha mkono, na shingo usimbane, acha nafasi ya vidole viwili. Uniandikie upesi, macho yangu hayana subira ya vijana.

Akikuuliza ni nani anayetaka vipimo vyake, mwambie ni mama yako. Usimwambie mama mkwe.